Inanga ya Baba Baada ya Komunyo

Baba yangu alipiga inanga kanisani kwa miaka kumi na mmoja tu, na yote kumi na mmoja ilikuwa ukimbizini.

Inanga ni ubao uliochimbwa katikati kama hori la kulishia mbuzi, ukapitishiwa uzi mmoja mrefu, kwenda na kurudi mara nane. Sauti yake ni ndogo. Mpigaji akiimba kwa sauti ya kawaida anaizima mwenyewe, kwa hiyo hunong'ona. Ukimsikiliza kwa mara ya kwanza unadhani anakupa siri. Watu husogeza viti, mwenye kikohozi hutoka nje, na hata kuku akilia uani mtu huinuka kumfukuza.

Alizaliwa kwenye kilima cha Muyinga, Burundi, upande unaotazama Tanzania, na baba yake mkubwa ndiye aliyemfundisha kupiga. Alipokuwa mtoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza, alifika kanisani siku moja na inanga begani kwa sababu alikuwa anatoka kuifungia uzi. Katekista akamzaba kofi mbele ya wenzake. Alimwambia kitu hicho ni cha kwenye pombe na cha mabaraza ya machifu, na kwamba Mungu huimbiwa Kilatini. Baba alinisimulia jambo hilo mara nyingi bila uchungu wowote, kama mtu anayesimulia mvua iliyomkuta njiani. Tangu siku ile akaiacha inanga nyumbani kila Jumapili.

Vita vilipokuja tulivuka mpaka kuingia Tanzania. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Katika kambi yetu kanisa lilikuwa maturubai juu ya miti, na padri aliyekuwa akitujia alikuwa mgeni, mtu mwenye ndevu nyingi na maneno machache. Jumapili moja aliuliza kama kuna anayejua kumsifu Mungu kwa namna ya kwao. Watu wakatazamana. Mama akamsukuma baba kwa kiwiko. Wiki hiyo baba alitafuta gogo laini, akachonga, na kwa kukosa mshipa wa ng'ombe akatumia uzi wa kuvulia samaki. Jumapili iliyofuata, baada ya komunyo, alikaa kwenye kigoda mbele ya altare akanong'ona wimbo kuhusu mwana mpotevu. Nimekua nikiusikia wimbo huo. Katika wimbo wa baba, yule baba mzee haoni mtoto wake akija kwa mbali. Anasikia kwanza ng'ombe wakiinua vichwa.

Mimi huko kambini niliimba kwaya ya watoto. Tuliimba Kiswahili, kwa sauti nne, na mwalimu wetu Mtanzania alituandikia do-re-mi kwa chaki kwenye kipande cha bati. Niliipenda do-re-mi kupita kiasi. Niliona kama kila wimbo duniani una anwani, na mtu akikupa anwani unaufikia. Nyuzi za baba sikuzigusa. Inanga ni ya wanaume, na sisi kwetu tulizaliwa wasichana watatu.

Tuliporudi Burundi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwenye kilima chetu kigango kilikuwa na kuta mpya na kwaya ya vijana. Baba alipouliza kama anaweza kupiga inanga baada ya komunyo, wazee wa kanisa walitikisa vichwa: mambo ya kipagani yale, tuliyakataa ubatizoni. Miaka ikapita, wale wazee wakafa mmoja mmoja, na vijana wakashika halmashauri ya kanisa. Baba akauliza tena. Vijana wakacheka kwa upole: mzee, hiyo ni ya zamani, watu watasinzia. Alipita moja kwa moja kutoka kuwa mpagani hadi kuwa wa kale, na katikati hapakuwa na Jumapili hata moja.

Mimi nilisomea ualimu Gitega, nikapata kazi katika shule ya huko Mushasha, karibu na nyumba za masista. Sista mmoja mzee alinifundisha kinanda. Miaka michache baadaye nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya kubwa ya parokia, kinanda cha umeme chenye vitufe vya filimbi, gitaa na ngoma ndani yake. Jumapili kanisa hujaa hadi watu wanasimama mlangoni. Naandika haya bila kujikosha: nilifurahi. Kuna raha ambayo siwezi kuieleza ya kushusha vidole vyote kumi na kusikia watu wote hao wakivuta pumzi kwa pamoja.

Baba aliwahi kuniambia, mara moja tu, wakati wa likizo, tukiwa tunachambua maharage, "Nikitaka kukufundisha inanga, utakataa?"

Nilimwambia, "Wewe si ndiye uliyesema si ya wanawake?"

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

Nikamjibu likizo ijayo. Likizo iliyofuata nilikuwa na semina ya walimu wa kwaya.

Miaka miwili iliyopita, kijana wa jirani yetu alipata upadri. Alikulia nasi kambini. Kibanda chao na chetu vilitenganishwa na turubai moja, na alikuwa akisema kwamba alilala utoto wake wote kwa inanga ya baba. Misa yake ya kwanza ingefanyika kilimani kwetu, katika uwanja wa shule. Alikuja mwenyewe nyumbani kumwomba baba apige baada ya komunyo. Mama alinipigia simu siku hiyo hiyo. Alisema baba ameanza kutunga wimbo mpya, hali chakula vizuri, anatembea shambani akinong'ona. Wimbo ulikuwa wa Bikira Maria akienda kumtembelea Elizabeti, akipita kilima baada ya kilima na kikapu kichwani, kama mwanamke wa kwetu anavyoendea ndugu zake. Na kila kilima kinamuuliza amebeba nini.

Halmashauri nayo ilinipigia simu. Waliniomba nije kupiga kinanda, kwa sababu kwaya ya kigango ilikuwa imepewa kinanda na hakuna aliyekimudu. Nilikubali, baba apige inanga na mimi kinanda, bila kuona ubaya. Nilidhani nitakuwa daraja.

Safari yenyewe ilinichosha. Mafuta yalikuwa hayapatikani, mabasi ya Muyinga yalikuwa yakilala kwenye foleni ya kituo cha mafuta siku mbili tatu, na nilifika Jumamosi mchana kwa kuunganisha pikipiki na gari lililobeba saruji. Nilienda moja kwa moja uwanjani. Fundi wa spika alikuwa tayari anavuta nyaya. Alikuwa Mwislamu wa mjini Muyinga, mtu wa makamo, mwenye duka la redio, na harusi zote za upande ule ni yeye anayezipigia muziki. Jenereta lilikuwa limekaa nyuma ya jukwaa, kubwa, la zamani, likiguruma hadi ardhi inatetemeka.

Baba aliletwa kufanya jaribio. Alikaa, akaanza. Fundi alisogeza maikrofoni, akaishusha, akaifunga kwa utepe kwenye mguu wa kigoda, akaigeuza. Kila alipoongeza sauti spika zililia kwa ukali hadi tukaziba masikio. Alipopunguza, ilibaki jenereta tu. Baba hakuinua macho. Aliendelea na wimbo wake.

Fundi alinivuta pembeni, akasema kwa Kiswahili chake cha Muyinga chenye Kifaransa ndani. "Madamu, mi nilishafanya mziki ya kila aina, mais hii iko shida. Maikro inataka sauti, na mzee iko nanong'ona. Nikipandisha, inalia. Nikishusha, inapotea."

"Tufanye nini?"

"Tuzime grupe, hii jenereta, dakika kumi tu. Watu wanyamaze, mzee apige, voilà. Mi sioni ingine."

Nilimwona ana akili kuliko sisi wote. Nikaenda kwa mwenyekiti wa halmashauri, ambaye alikuwa mwalimu mwenzangu na mtu mwema. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada," akasema, "unajua tumelipata vipi hilo jenereta? Unajua mafuta yake yametoka wapi? Leo asubuhi limevutwa kamba mara ishirini ndipo likawaka. Tukilizima katikati ya misa na likakataa, padri atatoa baraka yake ya kwanza bila mtu kumsikia. Wageni wametoka hadi Tanzania."

"Lakini baba naye hatasikika."

"Atasikika na Mungu," akasema. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa amechoka.

Kiongozi wa kwaya, msichana wa miaka kama ishirini na mitano aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi, alikuwa amesimama hapo. Alinishika mkono. "Dada, tutaacha nafasi. Apige kama dakika tano. Lakini ikiwa watu wataanza fujo, nitakupa ishara tuingie na wimbo wa shukrani. Tusimwaibishe mzee mbele ya umati."

Ningeweza kukataa. Ningeweza pia kwenda kwa baba na kumwambia ukweli kwamba hatasikika, aamue mwenyewe. Nilipofika alipokuwa ameketi, alikuwa anafuta inanga kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya mawese, anaifuta kama mtu anayemwogesha mtoto. Nikamuuliza kama amekula.

Misa ilikuwa nzuri. Lazima niliseme hilo. Hali ya hewa ilikuwa tulivu, kina mama walipeleka sadaka wakicheza, vikapu vya mtama na ndizi kichwani, na kwaya iliimba bila kosa. Yule padri kijana aliimba utangulizi kwa sauti inayotetemeka. Baada ya komunyo mwenyekiti alisogea kwenye maikrofoni akasema kwamba sasa mzee wetu atatuimbia jambo la utamaduni. Baba alivuka uwanja akiwa amevaa koti alilooa nalo. Alikaa. Akaanza.

Mistari ya kwanza niliisikia kwa sababu kinanda kilikuwa hatua chache kutoka kwake. Maria anajifunga kanga. Maria anashuka bonde la kwanza. Masista waliokaa mbele waliinama ili wasikie. Spika zikalia mara moja, ukali ule ule, mtoto akashtuka akaanza kulia, na fundi akashusha sauti upesi. Baada ya hapo, kwa watu wa safu ya sita kwenda nyuma, palikuwa na mzee anayechezesha vidole na midomo, na jenereta.

Watu si wabaya. Walisubiri. Walisubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha nyuma kabisa wakaanza kusalimiana, mtu akacheka, kina mama wakaanza kunyonyesha na kuongea, na minong'ono ile ikasogea mbele kama maji yanayopanda shambani. Padri mzee aliyekuwa karibu na altare alitazama saa yake. Nilimtazama padri wetu kijana. Alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Nilimwomba moyoni afumbue macho, ainue mkono, afanye jambo. Hiyo ilikuwa siku yake, angesikilizwa. Lakini alikuwa anasikiliza, na hakujua kinachoendelea nyuma ya uwanja.

Maria alikuwa kwenye kilima cha tatu. Mama alishaniambia kwamba vilima ni saba.

Msichana wa kwaya alinigeukia. Nilitikisa kichwa kukataa. Akasubiri kidogo, akanigeukia tena, na safari hii mwenyekiti naye alikuwa ameinua kiganja kutoka upande wa pili, akikizungusha polepole: endelea, endelea. Kwaya nzima ilikuwa imesimama, makanzu ya buluu, vinywa tayari. Nilikuwa na vidole juu ya kinanda. Nakumbuka nilijiambia nitahesabu hadi kumi, na ndani ya hesabu hiyo kitu kitatokea, jenereta litakufa lenyewe, au baba atainua macho anione na kuelewa na kumaliza kwa heshima. Nilihesabu hadi kumi. Nikashusha vidole.

Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Watu walisimama, vitambaa vikapepea, ngoma ya ndani ya kinanda ikashika mwendo. Nilipiga vizuri. Vidole vinajua kazi yake hata mwenye vidole akiwa hayupo. Na muda huo wote, hatua chache kutoka kwangu, midomo ya baba ilikuwa inaendelea. Aliinamisha kichwa kama alivyokuwa, mkono wa kulia ukienda na kurudi juu ya nyuzi. Sijui aliacha lini. Ukurasa wa noti uligeuka, nikaangalia chini, na nilipoinua macho alikuwa amesimama, inanga kwapani, anarudi mahali pake.

Wakati wa chakula nilimkuta amekaa chini ya paa la darasa na sahani ya wali magotini. Nikachuchumaa mbele yake. Nyumbani huwa tunasema Kirundi, na siku ile nilianza kwa Kirundi, lakini ilipofika sehemu ya kuomba msamaha nikajikuta nimehamia Kiswahili cha kambini.

"Baba, nisamehe. Niliingia kabla hujamaliza."

"Nani?"

"Mimi. Sisi. Kwaya."

Alitafuna taratibu. "Sikuwasikia," akasema. "Nimeimba hadi mwisho. Maria amefika."

Nikamtazama usoni nione kama ananihurumia. Baba ana uso ambao hauonyeshi chochote anapotaka usionyeshe. Mama, aliyekuwa kando yake, aligeuka akaanza kumwita mjukuu ambaye hakuwepo.

Jioni fundi alikuwa anakunja nyaya zake. Aliniita. "Madamu, mi nilikuwa pale chini, karibu ya mzee, nikashika waya. Nilisikia mpaka ile kilima ya nne. Kilima inamuuliza, umebeba nini, anasema nimebeba unga. Ile ingine anasema nimebeba chumvi. Alors, mwisho anasema amebeba nini?"

Nilimwambia sijui.

"We ni mtoto yake, hujui?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye nyaya zake. Alikuwa mtu pekee siku ile aliyeuliza.

Nilirudi Gitega Jumatatu. Mwezi uliofuata mama aliniambia baba sasa anakwenda misa ya kwanza ya asubuhi, ile isiyo na kwaya. Baadaye akaniambia anaongea kwa sauti kubwa kama anayegombana. Kisha akaniambia kwamba ng'ombe wa jirani aliingia shambani, akalia nyuma ya baba, na baba hakugeuka.

Nilimleta Gitega hospitalini. Alilala kwangu siku tisa. Daktari alikuwa mtu mwenye subira. Alimpima, akaniandikia kwenye karatasi kwa Kifaransa, kisha akanieleza kwamba mishipa ya masikio imechoka, jambo hilo limeanza zamani, labda miaka mitatu, na kwamba kifaa cha kusikia kingesaidia kidogo mwanzoni lakini sasa hakitasaidia. Nilimuuliza kama mtu mwenye masikio hayo, mwaka mmoja uliopita, angeweza kukosa kusikia kwaya ya watu arobaini na spika nne. Alinitazama kwa mshangao. Akasema inawezekana. Akasema pia inawezekana kwamba alisikia. Nilibaki na majibu hayo mawili, na ninayo hadi leo.

Jumapili aliyokuwa kwangu alikuja kanisani. Alikaa safu ya pili. Nilipiga kinanda na nilimwona ameweka kiganja juu ya benchi, anahisi mtikisiko wa mbao. Baada ya misa alisema, "Mnapiga kwa nguvu. Ni vizuri." Sikujua anasifu au anapima.

Likizo ya Agosti nilikwenda Muyinga na simu mpya na daftari la noti. Nilitaka kuuandika ule wimbo wote, vilima vyote saba, niupange kwa sauti nne, tuuimbe Mushasha na jina lake likiwa juu ya ukurasa. Nilimwandikia ombi langu kwenye daftari kwa herufi kubwa. Alisoma, akacheka, akaleta inanga.

Mwanzoni nilidhani ni mimi nimesahau. Alipiga, nikarekodi, nikaandika so, la, nikafuta. Sauti ziliangukia katikati ya vitufe vyangu, nikasema ni kawaida, inanga haikuahidi mtu do-re-mi. Lakini uzi wa tatu ulikuwa umelegea kiasi cha kuguna. Wa sita na wa saba zilikuwa karibu kuwa kitu kimoja. Nilipomtazama, alikuwa anakaza na kulegeza kwa vidole, kwa makini, akisikiliza kwa kuinamisha kichwa kama alivyofanya maisha yake yote, na kila alipokaza alizidi kuharibu. Hakuna mtu aliyebaki kilimani anayejua nyuzi zile zinapaswa kuwa vipi. Baba yake mkubwa amekufa. Mimi nimesikia inanga hiyo tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na ningeweza kukwambia kwamba imekosewa, lakini siwezi kukwambia iliyo sawa ni ipi. Nilinyoosha mkono niukaze uzi wa tatu. Niliukaza kidogo, nikaugusa, nikaulegeza. Sikujua pa kusimama. Nikaondoa mkono.

Na maneno nayo hayakutosha. Kwa kuwa hajisikii, mnong'ono wake umekuwa pumzi tupu. Kwenye simu nikisikiliza nasikia hewa, nasikia kuku, na hapa na pale neno moja: bonde, kikapu, shemeji. Nilimwandikia aniambie maneno ya kilima cha saba. Alijaribu kuyasema bila kupiga, akakwama. Akasema yako kwenye vidole, hayako mdomoni. Lazima apige ndipo yaje. Akapiga. Yakaja, niliona yanakuja kwa jinsi alivyotabasamu, lakini hayakunifikia.

Alipomaliza aliniwekea mkono begani. "Iko sawa?" aliuliza, kwa sauti kubwa mno. "Nyuzi ziko sawa?"

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Aliacha kupepeta.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nikainua na kidole gumba, ili asiwe na shaka. Baba akafurahi, akasema basi nichukue simu, atapiga tena kuanzia kilima cha kwanza.